Jirani Aliyechinja Siku za Ukata

Nyinyi wajukuu zangu, na wenzenu wa rika lenu mtakaozishika karatasi hizi, kaeni kitako msome polepole. Mimi chuoni nilifika Juzuu Amma tu, nikatolewa nikakae na mama nipare samaki. Herufi hizi nimejifunza uzeeni, nikifundishwa na binti yangu kwenye mkeka, naye hakuwa na subira. Mkikuta kosa, pitisheni macho. Mkikuta uongo, njooni mniambie usoni.

Nataka kuwaandikia habari za jirani yangu wa ukuta mmoja. Jina lake silitaji. Wengi wenu mnalijua, na asiyelijua halitamfaa kitu. Tangu alipofariki nasikia mnavyomsema. Bibi yule alikuwa mcha Mungu, bibi yule dua yake haikurudi chini. Mmoja wenu amesema mbele yangu, nikichambua mchele, kwamba mtaa wetu haujapata kuwa na mwanamke wa dini kama yule. Mimi niliendelea kuchambua. Lakini wali wa siku ile ulikuwa na mawe, na mlilalamika.

Basi nitasema nilichokiona. Na kabla ya yote nasema hili mwenyewe, ili asije mtu akanisemea: nilimwonea wivu miaka yote. Si kwa ajili ya mumewe, maana mumewe alikuwa na kikohozi na maneno mengi. Si kwa uzuri, maana hakuwa nao, na mimi nilikuwa nao kidogo. Nilimwonea wivu kwa Mungu. Mkiona ajabu, someni mpaka mwisho.

Alikuwa mfupi, mikono minene, sauti kubwa kuliko kiwiliwili. Hakujua kuomba kimya. Ukuta wetu ni wa mawe na udongo, mrefu wa kutosha usimwone mtu, mfupi wa kutosha umsikie, na kila alichomwambia Mungu nilikisikia mimi nikianika nguo. Alisema naye kama mtu anayesema na mwenye duka anayemjua. "Ya Rabbi, juzi nilikwambia habari ya barafu, naona umesahau." Mimi nasema astaghfirullah, nang'ata pindo la leso, na huku masikio yamesimama.

Nyumba yake ilikula kwa kamba, wale wakubwa wa mwambani wenye sharubu ndefu. Mumewe na wanawe wakiwazamia kuanzia hapa Kismayo mpaka Burgao. Na kazi ile hakuna anayeijua kesho yake. Leo vikapu vimejaa, mnunuzi hakuja. Kesho mnunuzi kaja, barafu hakuna. Kesho kutwa barafu ipo, na bahari imefungwa, wenye bunduki wamesema chombo kisitoke. Halafu zikaja zile meli kubwa za kigeni, zikakokota nyavu mpaka mitego ya watu ikabebwa pamoja na mawe yake. Jirani yangu alikuwa akiamka asubuhi hajui kama mchana ataosha chungu au ataacha hivyo hivyo kikavu.

Sisi upande wetu mambo yalikuwa mengine. Babu yenu alilinda ghala la tajiri mmoja bandarini, mshahara wake kila mwezi. Alipozeeka, shangazi yenu alikuwa ameshafika Ulaya, na pesa zake zikaja kwa hawala, kila mwezi wiki ya kwanza, kama hedhi ya msichana mwenye afya. Tuliujua mwezi utakavyokwisha kabla haujaandama. Nyinyi mmekulia ndani ya kujua huko, ndiyo maana mnamshangaa jirani yangu.

Sasa sikilizeni dini yake ilivyokuwa. Siku kamba wakipatikana, alikuwa Mwislamu wa kupita njia. Alasiri ataisukuma mpaka jua linazama. Saumu ya Jumatatu na Alhamisi hata hataikumbuka. Ataimba, atanunua leso mpya, atawapigia kelele wakwe zake kwa furaha. Siku moja nilishindwa kunyamaza.

"Jirani, alasiri imekupita?"

"Haijanipita, abayo." Aliniita hivyo, kama Wasomali wanavyowaita dada zao. "Imesimama mlangoni inaningoja."

"Na Mungu naye anangoja?"

"Mungu ana subira, mchu wangu. Barafu ndiyo haina."

Mchu ni mtu, kwa lafudhi ya visiwani kwetu. Nikasikia wakwe zake wanacheka. Niliingia ndani nikasali sunna ambayo hata sikuwa nimeikusudia, kwa hasira tu.

Lakini siku za ukata! Adhana haijamaliza kupanda, yeye yuko kwenye mswala. Anafunga. Anafukiza ubani mpaka nguo zangu kambani zinanuka kama za maiti. Na anatoa. Hapo ndipo nilipokuwa simwelewi. Mtu mwenye akili yake, siku kitu kikipungua, hukificha. Yeye ndipo alipotoa. Kwanza bisi za mahindi kwa watoto wa chuoni. Wiki ya pili kuku. Bahari ikizidi kukaa kimya, mbuzi. Anamwita muadhini amchinjie, anakaa na kisomo chake, nyama inagawiwa mtaani, na yeye na watoto wake wanabaki na mchuzi na mifupa.

Nilimuuliza kwa ubaya, nawaambia kweli. "Watoto wako kesho watakula nini?"

Akanijibu bila kukasirika. "Kesho siijui, abayo. Nikimficha kuku huyu, kesho bado siijui, na nina kuku. Nikimtoa, kesho bado siijui, lakini nimeshasema na mwenye kuijua."

Mimi nilikuwa nasali zangu tano. Sikukosa. Ramadhani sikula mchana ila kwa udhuru mnaoujua wanawake. Zaka ilipotimia nilitoa, si chini wala si juu. Nilifagia ua wa msikiti, nilipika kwenye matanga ya watu nisiowapenda. Na hakuna aliyesema kitu. Mtu anayesali kila siku haonekani. Anaonekana yule anayekuja mbio akilia.

Na kulikuwa na sahani. Kila alipochinja, ini halikuliwa kwake. Alilikaanga kwa kitunguu na bizari, akaliweka kwenye sahani ya bati yenye maua ya buluu, akalileta kwangu mwenyewe kwa mkono wake, kwa sababu mimi ni ukuta wa kwanza. Harufu yake ilifika kabla yake. Nilipokea, nikasema Mungu akulipe, nikafunga mlango, nikampa paka. Mniangalie vizuri: ini la mbuzi wa mwisho wa nyumba yenye njaa, nikampa paka. Paka wangu alinenepa kwa dhiki ya nyumba ile. Sahani nikairudisha na sukari, kikombe kile kile, hakizidi hakipungui, ili isirudi tupu na ili asione kwamba nina deni naye la moyo.

Msidhani alikuwa malaika. Safari moja wanawe walikuwa baharini siku nyingi, upepo mbaya, hakuna habari. Akaweka nadhiri. Nilimsikia: wakirudi salama, Ya Rabbi, mbuzi. Akamfunga uzi mwekundu shingoni yule beberu wake mkubwa, ili kila mtu ajue huyu ana mwenyewe. Wakarudi salama, na vikapu vya kamba pia. Siku ya pili naona uzi umehama. Uko kwenye shingo ya mwanambuzi mdogo, anachechemea, masikio yake makubwa kuliko yeye.

"Jirani," nikamwambia, "yule mwenye uzi alikuwa mkubwa."

"Nilisema mbuzi. Sikusema yupi."

"Uzi ulisema."

Akaingia ndani. Nilifurahi siku ile, mnisamehe, nilifurahi mpaka nikala sahani mbili. Jioni yake mwanawe mdogo akashikwa na homa, na kabla jua halijazama nikasikia beberu mkubwa analia na muadhini anasema bismillahi. Homa ile ilikuwa imeenea mtaa mzima, hata kwetu walikuwa nayo wawili. Lakini yeye hakutaka kusikia. Na ini likaja. Akasema, "Mwambie Mungu wako, abayo, mimi simfanyii ujanja tena." Akasema Mungu wako! Kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na njia ya kwenda kwake. Nilidhani ananicheza shere.

Sasa habari ya ng'ombe. Ule mwaka mbaya, wanunuzi wamekatika kabisa, wazee wa mtaa wakakubaliana azungushwe ng'ombe, kama ilivyokuwa ikifanywa visiwani kwetu mji ukiingiwa na balaa. Ng'ombe dume anapitishwa mipaka yote ya mtaa, nyuma yake wasomaji na watoto wa chuo na uradi, akifika alipoanzia anachinjwa, kila nyumba inapata fungu. Ikabidi watu wachange. Na angalieni nani alichanga. Wavuvi, mafundi wa mashua, wasuka mitego, wakaanga samaki, watu wasiojua watakula nini, wote walitoa mpaka wakajikwangua. Wenye mishahara na wenye hawala tulitoa tulichoambiwa tu. Mimi nilitoa fungu langu sawasawa, nikatia mkononi mwa mzee, nikaondoka. Sikuona kwa nini nizidishe. Balaa lile halikuwa la kwangu.

Bei ya ng'ombe ikapelea. Jirani yangu akatoka na mbuzi wake wa maziwa, wa pekee, wajukuu zake walikuwa wananywa maziwa ya huyo, akamkokota mpaka kwa wazee, akasema muuzeni.

Siku ya kuzunguka, sisi wanawake tumesimama milangoni tumejitanda, ng'ombe anapita, moshi wa udi, watoto wanaitikia. Mwalimu wa chuo, mzee wa watu, akasimama mbele ya mlango wa jirani yangu akamwombea kwa jina lake na jina la mama yake, kwa sauti, mtaa mzima ukaitikia amin. Halafu wakasogea. Mbele ya mlango wangu walipita tu. Ng'ombe alisimama kidogo akakojoa, wakaendelea.

Nilisimama pale na miaka yangu arubaini ya sala. Nikajiambia, hata mimi ningekuwa sina kitu ningetoa kila kitu. Angalieni wivu unavyomfanya mtu: nilimwonea wivu njaa yake.

Hapo ndipo nilipofanya ubaya wangu. Msikiti wetu ulipata mwalimu mpya, kijana mkali, aliyekuwa akisema nyuzi na ng'ombe na kufukiza ubani ni uzushi katika dini. Huenda anasema kweli, mimi si mwanachuoni. Lakini mkewe nilikuwa nikikutana naye bombani tukingoja maji, na nikamwambia: kuna mwanamke jirani yangu anafunga wanyama nyuzi nyekundu, anaweka nadhiri kwa sauti, anapotosha mtaa. Nilisema kwa uso wa kusikitika. Sikusema kwa ajili ya dini hata chembe.

Mwalimu akaja na watu wawili. Nilikaa upande wangu wa ukuta nimeshika sufuria, sikuosha wala sikuweka chini. Nikasikia akimsomesha kama mtoto, na watu wamejaa mlangoni. Mkwewe analia. Kisha wakakata uzi wa mbuzi mpya wa nadhiri wakaondoka. Yeye hakujibu neno, yeye mwenye sauti ile.

Alijua. Bombani hakuna siri. Nilingoja aje anitukane, nilishatayarisha majibu. Hakuja. Mbuzi yule alichinjwa kimya siku ya tatu, bila uzi, bila kisomo cha watu. Na kabla ya adhuhuri sahani ya maua ya buluu iko mlangoni kwangu. Alinitazama akasema, "Limeiva sana leo, moto ulikuwa mkali." Akaenda zake. Siku ile hata paka sikumpa. Nililifukia uani kama najisi, nikaona uchungu zaidi kuliko angenipiga kofi.

Miaka ikapita. Mumewe akafa, babu yenu akafa. Macho yake yakaingia ukungu. Wanawe wakaendelea na kamba, kupata na kukosa vile vile. Na sisi tukaendelea kujua.

Mpaka mwaka juzi mlipoona shangazi yenu amenyamaza. Mnakumbuka. Mwezi wa kwanza tukasema ni shughuli. Mwezi wa pili simu haipokelewi. Mwezi wa tatu tukasikia kwa watu kwamba kazi imekwisha na nyumba wametolewa, hatujui alipo. Duka likaacha kutukopesha. Ndipo nikaamka asubuhi moja baada ya alfajiri, nimekaa kwenye mswala, simu iko mbele yangu mahali pa kusujudu, nimeiweka pale mimi mwenyewe. Na mdomo wangu unasema: Ya Rabbi, simu ikilia, jogoo ni wako. Kwa sauti. Maneno ya ukuta wa pili, yametoka kinywani mwangu.

Niliona aibu kuliko siku ya harusi yangu. Na sikujua yanayofuata. Nikajitanda, nikazunguka, nikabisha kwake kwa mara ya kwanza tangu matanga ya mumewe.

Alikuwa amekaa juani, anasuka kifuniko kwa kupapasa. "Nani?"

"Mimi."

"Karibu, abayo. Nimekusikia asubuhi. Una sauti kubwa siku hizi."

Nikakaa. Nikamuuliza, nikitazama pembeni ingawa hakuwa ananiona vizuri, "Ulikuwa unasemaje? Ukishatoa, halafu unasemaje?"

"Husemi kitu. Unakaa." Akacheka na jino lake moja. "Ndiyo kazi yenyewe. Kutoa ni rahisi."

"Mimi ndiye niliyemwambia mke wa mwalimu," nikasema. Lilitoka tu.

"Najua."

"Na ini nilimpa paka. Miaka yote."

Mikono yake ikasimama. Hilo hakulijua. Nikasikia mkwewe anatwanga ndani. Kisha akasema, "Yule wa kijivu? Nikasema paka huyu mbona kama kitoto cha ng'ombe." Akacheka mpaka akakohoa, na mimi nikawa sijui nicheke au nilie.

Alipotulia akasema, "Mimi nilikuonea wivu wewe, mchu wangu. Nilikuwa nikikusikia unasali. Unasoma, unarukuu, unasujudu, unatoa salamu, umemaliza. Hukuomba kitu. Nikasema, angalia mwanamke yule anakwenda kwa Mungu kumsalimia tu. Mimi maisha yangu sijasali rakaa moja isiyokuwa na kamba ndani yake."

Mnadhani nilifarijika? Nilirudi nyumbani nimekasirika. Hata wivu wake ulikuwa mzuri kuliko wangu.

Jogoo nilimchinjisha siku ile ile. Ini lake dogo nililikaanga nikalipeleka kwa sahani yangu. Akalitafuna, akasema kwa sauti mtaa wote usikie, "Abayo, hili ini au kunguni?" Lakini alilimaliza.

Wiki mbili baadaye simu ililia. Shangazi yenu yu hai, amepata kazi nyingine, mji mwingine. Pesa zikaja, mwezi ule na uliofuata. Sisemi ni jogoo. Jirani yangu angesema.

Na sasa sikilizeni, hili ndilo lililonikalisha niandike. Pesa zilipokuja nililipa duka, nikanunua mchele, nikanunua leso. Sala zangu zikarudi kama zamani, fupi, safi. Kwa jirani sikwenda tena. Si kwa chuki. Sikuwa na shida tu. Nilikuwa nimeahidi moyoni nitamchinja mbuzi wangu mweupe mambo yakikaa sawa, na mambo yakakaa sawa, na mbuzi akabaki anakula maganda. Na upande wa pili kamba walikuwa wamekosekana mwezi mzima. Nilijua, maana ubani ulikuwa unavuka ukuta.

Asubuhi moja nikianika nguo, nikamsikia anaita kutoka upande wake, sauti imeshakuwa nyembamba.

"Abayo! Kwani simu imelia? Sikusikii tena."

"Imelia, alhamdulillah."

"Nimejua." Akacheka kidogo. "Alasiri iko mlangoni inakungoja."

Nilikamua leso mpaka vidole vikaniuma. Nilisema kesho nitakwenda. Siku ya nne yake tukaitwa kumwosha. Mimi ndiye niliyemwaga maji kichwani, ni haki ya ukuta wa kwanza. Na hata pale juu ya kitanda cha kuoshea, watu wanavyomlilia, wavuvi wamejaa nje mpaka barabarani, nilikuwa nawaza: mimi watakuja wangapi?

Yeye alitoa alipokosa na akasahau alipopata. Mimi nilidhani nimemshinda kwa kuwa sisahau. Kumbe sikuwahi kukosa, ndiyo maana. Nilipokosa nilikuwa yeye, na nilipopata nilikuwa yeye. Ila sahani yake haikukosa mlangoni kwangu hata siku moja, na hapo sijamfikia.

Jana hawala imefika. Nimewaita wote uani, wakubwa na wadogo, nimewaambia mara moja na sirudii: yule mbuzi mweupe achinjwe leo, siku ya kupata, na kila mwezi pesa zikifika kitoke kitu siku hiyo hiyo, kabla ya duka na kabla ya leso. Ini lipelekwe ukuta wa pili, kwa wanawe, kabla chungu chetu hakijainjikwa. Na paka mfungieni nje.